Mkono wa Mama Reshmu Chini ya Taulo

Sehemu ya Tisa

Mkono wa tajiri Tarlochan bado umenyooshwa. Umenyooshwa tangu Jumamosi iliyopita, wasomaji wangu. Kama wiki nzima mlikuwa mnamwonea huruma Kamlesh peke yake, basi mwoneeni kidogo na mwanamume huyu, maana kuweka mkono hewani siku saba si mchezo.

Kwa aliyefika leo, na karibu sana: tuko soko la jumla la matufaha, chini ya mlima, asubuhi ya mwezi wa nane, mvua imenyamaza kidogo kuvuta pumzi. Makasha ya mbao mia mbili na kumi na mawili yamepangwa chini. Yametoka mashamba madogo kumi na tisa ya kijiji cha Dhalaun, na ni mara ya kwanza wanawake wa kijiji hicho kuleta mzigo wao kwa mnunuzi wa jumla bila kumpitia dalali.

Aliyewashawishi ni Kamlesh. Ana miaka ishirini na minne, mume yuko jeshini, mtoto ana miezi minane na meno mawili.

Wazee wa Dhalaun walitoa sharti moja. Dalali Jialal analipa rupia mia mbili na ishirini kwa kasha. Wanawake wakiizidi bei hiyo, kikundi chao kiendelee. Wasipoizidi, kikundi kimekufa leo hii, na mwakani Jialal atanunua tena matunda yao yakiwa bado maua mtini, kwa bei aipendayo yeye.

Basi. Tarlochan, mnunuzi kutoka Ludhiana, mwenye kilemba cha buluu na tumbo la mtu asiyekosa kifungua kinywa, ametandaza taulo juu ya mkono wake wa kulia. Soko hili bei haitamkwi. Muuzaji huingiza mkono wake chini ya taulo, mnunuzi humshika vidole. Vidole vya kwanza ni mamia, vinavyofuata ni makumi. Wapinzani waliowazunguka hubaki wanatazama taulo likicheza.

Kamlesh anazijua alama zote. Kaka yake aliwahi kuwa mpagazi hapa, naye alimfundisha jikoni kwa kitambaa cha kufutia vyombo. Kitu kimoja tu kaka mtu hakukifikiria: kwamba siku moja chini ya kitambaa hicho kutakuwa na mkono wa mwanamume asiye ndugu, mbele ya madalali sitini.

"Shemeji," alisema Jialal, ambaye alikuwa ameegemea mizani kama mtu aliyekuja kuangalia mpira, "mkono wa watu utaota kutu."

"Aseme bei kwa mdomo," alijibu Kamlesh.

Tarlochan akacheka. "Dada, nikiitamka hapa, hawa wote masikio yao unayaona? Watapandisha bei juu yangu kwa rupia mbili mbili mpaka jioni. Nimekuja kununua matufaha, sikuja kuhutubia."

"Basi andika kwenye karatasi."

"Mkono wa kushoto haujui kuandika. Na wa kulia unakusubiri wewe."

Madalali wakachekelea. Jialal akajisogeza, sauti yake imelainika kama siagi iliyosahauliwa karibu na jiko. "Niachie mimi niuingize wangu. Wangu umezaliwa humo ndani. Nichukue rupia nane tu katika kila mia, kwa ajili ya ujirani."

"Mwaka jana wengine uliwatoza sita."

"Mwaka jana hukuniaibisha kwa kuja mwenyewe."

Kamlesh alifungua mdomo kumjibu, lakini aliyejibu alikuwa mwingine.

"Mnabishana nini? Mkono tu?"

Alikuwa Mama Reshmu, mama mkwe wake. Tangu waliposhusha mzigo alikuwa ameketi juu ya kasha, mjukuu amefungwa mgongoni, anafuma soksi ya sufu. Sasa alisimama, akachomeka sindano zake ndani ya mtandio wa kichwani, akafuta kiganja kwenye koti.

"Mama, si mkono tu," alinong'ona Kamlesh. "Watu watasema."

"Nimezaa sita, nimekamua ng'ombe miaka hamsini. Akitokea mwanamume wa kunitamani kwa mkono huu, nitampa na soksi."

Soko zima likacheka, na kicheko hakijatulia, bibi huyu alishaingiza mkono chini ya taulo.

Hapo ndipo Kamlesh alipokumbuka. Mama Reshmu hajui alama hata moja.

Kamlesh amechelewa. Mikono ikishashikana, hairuhusiwi mtu kuingilia.

Taulo likatikisika. Tarlochan alitabasamu, tabasamu la mtu anayemnunua kuku kwa mjane. Mama Reshmu alimtazama tu, kwa uso ule wa mwanamke anayesubiri maziwa yachemke.

Taulo likatikisika tena. Tabasamu likapungua robo.

Mara ya tatu. Mtoto mgongoni akapiga chafya.

Mara ya nne. Jasho likachungulia chini ya kilemba cha buluu. Tarlochan alikuwa amenunua matufaha ya nusu ya mlima huu, amewavunja madalali wenye ndevu nyeupe, lakini hajawahi kushika mkono kama huu. Haukurudi nyuma, haukujibu, haukubembeleza. Ulikuwa umetulia tu, mgumu kama kwato. Alidhani amekutana na bingwa.

Asiyejua bei, wasomaji wangu, ataikubalije?

Mara ya tano taulo lilitikisika polepole, kwa uchungu. Na Mama Reshmu akauhisi mkono wa kijana wa watu umelowa jasho. Akamwonea huruma. Akaleta mkono wake wa kushoto, akauweka juu ya taulo, akapigapiga mara mbili, kama akina mama wa milimani wanavyomfanyia mtoto anayekwenda safari.

"Uishi, mwanangu," alisema.

"Imefungwa," madalali sitini wakasema kwa pamoja.

Kwa sababu sokoni hapa mkono wa pili ukiwekwa juu ya taulo, biashara imekwisha. Haifunguliki tena.

Kamlesh alimvuta mama mkwe wake pembeni. "Mama, umefunga kwa bei gani?"

"Nitajuaje mimi? Kijana alikuwa anachezea vidole vyangu, nikamwacha acheze."

Alinong'ona. Ila mnong'ono wa Mama Reshmu ni ule unaoita ng'ombe kutoka bonde la pili. Tarlochan aliusikia, na lile tabasamu lake lililokuwa limeondoka likarudi na mizigo yake yote.

"Mia mbili na kumi," alitangaza.

Rupia kumi chini ya bei ya Jialal.

Kamlesh aliwaona kichwani wanawake wa Dhalaun wakipalilia chini ya miti ambayo matunda yake yameshauzwa kabla hayajaota. Aliwaona wazee wakitikisa vichwa kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi.

"Si ulisema bei haitamkwi?" alimwuliza Tarlochan.

"Ikishafungwa inatamkwa, dada. Hata wimbo inaimbiwa."

Kamlesh akamgeukia mama mkwe wake, akamshika mabega. "Mama. Mwisho kabisa, alikushika vidole vingapi?"

"Mwisho? Vitatu. Akaachia. Halafu vinne."

"Una hakika?"

"Mwanangu, mimi nahesabu mishono kwa vidole hivi tangu kabla baba yako mkwe hajaota sharubu."

"Mia tatu na arobaini," alisema Kamlesh, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mizani.

Soko likaguna. Tarlochan akainua viganja juu. "Bibi amechanganya mkono wangu na soksi yake."

Liko jambo moja la haki katika soko hili lenye taulo. Mkono ukibishaniwa, hupelekwa kwa mtu wa tatu. Muuzaji humwonyesha mtu huyo, chini ya taulo, kila alichofanyiwa, naye husema alichokisoma. Na mwenye kumchagua mtu wa tatu ni yule aliyeshutumiwa.

"Jialal," alisema Tarlochan, bila hata kufikiri.

Nani angefikiri? Wamekunywa chai pamoja misimu ishirini. Tena Jialal ndiye mtu pekee duniani ambaye kifo cha kikundi kile kingemnenepesha. Kamlesh alimtazama dalali akikunja mikono ya shati, akatamani ardhi ipasuke, ila ipasuke upande wa Jialal.

"Haya, shangazi," alisema Jialal, taulo likiwa limemfunika mpaka kiwiko. "Rudia yote tangu mwanzo. Usinionee aibu."

"Nikuonee aibu ya nini, Jialal? Mimi niliyekuogesha mtoni uko uchi, unalia povu limekuingia machoni?"

"Shangazi, mkono tu. Historia iache."

Taulo likaanza kucheza. Mama Reshmu alifumba macho. Vidole vyake vilikuwa vinakumbuka vyenyewe, kama vinavyokumbuka kisigino cha soksi kinageuziwa wapi. Uso wa Jialal haukuonyesha kitu, maana uso huo haujaonyesha kitu tangu alipoanza udalali. Kisha, mwishoni kabisa, sharubu zake zikaruka.

Alitoa mkono. Alikitazama kiganja chake muda mrefu. Alimtazama Tarlochan, rafiki. Alimtazama Kamlesh, balaa lake.

"Mia tatu na arobaini," alisema.

"Jialal, una wazimu?"

"Ulianza mia mbili na kumi. Ukaja mia mbili na arobaini. Mia mbili na themanini. Mia tatu. Kisha ukamkwaruza bibi wa watu kiganjani kwa ukucha wa kidole gumba, ndipo ukatoa tatu na nne." Jialal aliinua kiganja chake watu wakione. "Ndugu yangu, miaka ishirini unanikwaruza hapa kabla ya bei yako ya mwisho. Mke wangu huniuliza kama nimefuga paka. Sasa bibi huyu, aliyeteremka mlimani leo, ukucha wako angeutoa wapi?"

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwaamsha punda nje ya uzio. Tarlochan alikiangalia kidole gumba chake kama mzazi anavyomwangalia mtoto aliyetoa siri mbele ya wageni.

Kamlesh alimsogelea Jialal. "Kwa nini, kaka?"

"Usinishukuru, shemeji, utaniharibia jina. Mimi ni mwongo mwenye utaratibu. Mkulima namwambia bei yangu, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini mkono uliofungwa ukianza kukanwa, kesho nani ataingiza mkono humo? Nitakula nini, matufaha yenu?"

"Yapo makasha mia mbili na kumi na mawili," alisema Mama Reshmu, ameshaanza kufuma tena. "Toa bei."

Kamlesh alicheka mpaka akajishika ubavu. Alikuwa hajacheka hivyo tangu waanze kuchuma. Mia tatu na arobaini. Alikuwa ameanza kujiuliza atawapa vipi habari kule kijijini, kwa kupiga kelele toka kwenye daraja au kwa kunyamaza kwanza wahangaike kidogo.

Msianze kushangilia. Mnanijua.

"Sawa," alisema Tarlochan, akirekebisha kilemba. "Mia tatu na arobaini. Mimi si mtu wa kukana."

Mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Lakini bei hiyo ni ya kasha lililo sawa kuanzia juu mpaka chini. Ndivyo ulivyoniahidi, dada?"

"Ndivyo," alisema Kamlesh, tena kwa kiburi kidogo. Hilo ndilo lilikuwa jambo lake. Milimani kwao matufaha hupangwa kama watu harusini, wanene na wang'avu mbele, wembamba nyuma ya pazia. Wiki tatu alikuwa ameketi na wanawake uani kwa hekalu, akiwafundisha kufunga saizi moja kasha zima, kila tunda ndani ya kipande chake cha gazeti. Mnunuzi wa jumla, aliwaambia, hanunui tabaka la juu. Ananunua neno lako.

"Nichague moja nifungue?"

"Chagua unalotaka."

Tarlochan alizunguka mzigo mara mbili. Akaacha ya juu, akaacha ya mbele. Akalivuta moja la chini kabisa, kona ya mbali, akang'oa misumari kwa mkia wa nyundo.

Tabaka la kwanza: mekundu, makubwa, yanang'aa.

Tabaka la pili: vilevile. Kamlesh akashusha pumzi.

Tabaka la tatu. Tarlochan alifungua kipande cha gazeti, akatoa tufaha lenye ukubwa wa yai la kuku, mashavu yamechanjwa na mvua ya mawe. Akafungua la pili. Yai jingine. La tatu lilikuwa na tundu, na mwenye tundu yumo nyumbani.

Hakuna aliyecheka.

Ubavuni mwa kila kasha mlikuwa na alama ya mkaa, kila shamba lina yake. Kamlesh aliinama kusoma. Mistari miwili na duara.

Alama ile anaiona kila alfajiri juu ya mlango wa ghala, akienda kumpa ng'ombe majani. Ni ya nyumba yake mwenyewe.

"Hirdaram," alisema Mama Reshmu polepole.

Kamlesh aligeuka kwa mshtuko. Kwao mke hamtaji mume jina. Miaka mitatu ndani ya nyumba ile hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akimwita mzee kwa jina lake, hata siku ng'ombe alipompiga mzee teke akaanguka kisimani.

"Jana mchana mlipokwenda kutafuta gari," aliendelea Mama Reshmu, "alisema atawasaidia kufunga ya kwetu yaliyobaki. Nikafurahi. Nikasema hatimaye mzee amekubali kikundi." Alitikisa kichwa. "Amewasaidia kweli. Ameona mmesahau kuweka madogo chini, akawakumbushia."

Hakuwa na nia mbaya, Mzee Hirdaram. Hivyo ndivyo baba yake alivyofunga, na babu yake. Kwake yeye kasha lenye matufaha makubwa mpaka chini ni kasha la mtu asiye na akili.

"La nani hili?" aliuliza Tarlochan.

Sokoni pale ni watu watatu tu waliojua kusoma alama za mkaa za Dhalaun. Wawili ni wanawake hawa. Wa tatu ni Jialal, naye ghafla alikuwa ameanza kuyachunguza mawingu kwa makini sana.

Kamlesh angeweza kusema hajui. Mashamba kumi na tisa, makasha mia mbili, nani angemlaumu? Lakini lawama ingetawanyika juu ya wanawake kumi na wanane ambao walikuwa wamefunga mpaka vidole vikaota malengelenge, kwa sababu tu yeye aliwaomba.

"Langu," alisema. "La nyumba yangu."

Hata Jialal aliyaacha mawingu.

Nadhani Tarlochan alikuwa amejiandaa kwa uongo, na sasa hakujua auweke wapi ule ukali aliouandaa.

"Nyumba yenu imeleta makasha mangapi?"

"Kumi na moja."

"Basi hivi. Fungua yote kumi na moja, hapa hapa, mbele ya watu. Yakifika matatu ya namna hii, umenidanganya, na mzigo wote naubeba kwa mia mbili na kumi. Yasipofika matatu, nachukua kila kasha kwa mia tatu na arobaini, na haya mayai nampelekea mke wangu ayatengeneze achari." Akainua kidole. "Hili ni la kwanza."

"Shemeji, ngoja," alisema Jialal.

Kamlesh alikuwa ameshaichukua nyundo.

Kasha la pili. Misumari ikalia. Tabaka la kwanza zuri, la pili zuri, la tatu zuri, la nne zuri. Mtu akapiga makofi peke yake, akaona aibu, akaacha.

Kasha la tatu. Zuri mpaka chini.

Kasha la nne. Juu mekundu. Katikati mekundu. Kamlesh alifungua gazeti la chini kabisa kwa vidole viwili, kama mtu anayemfunua mtoto mwenye homa. Yai.

"Mawili," alisema Tarlochan. Hakufurahi, na hilo lilimtisha Kamlesh zaidi.

Yalibaki saba. Kamlesh alipiga magoti kwenye tope mbele ya kasha la tano, akaingiza mkia wa nyundo chini ya kifuniko, kisha akasita.

"Mama," aliuliza bila kugeuka, "Baba jana alifunga makasha mangapi kabla ya kupitiwa na usingizi?"

Mama Reshmu aliacha kufuma. Alimhamisha mtoto kutoka mgongoni mpaka kifuani, akamkumbatia, akafikiri kwa uaminifu wote alionao.

"Sijui, mwanangu. Nilipokwenda kumfunika blanketi, nyundo ilikuwa bado mkononi."

Msumari wa kwanza wa kasha la tano ukaanza kutoka.